Mkono kwenye Kamera ya Basi

MUNTASIR: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

GHANIYA: Mimi, dada yako Ghaniya. Nimeazima simu ya Harub, dereva wetu wa basi la skuli.

MUNTASIR: Shikamoo dada. Yako ina nini?

GHANIYA: Marahaba. Nimeizima. Tangu alfajiri ukoo mzima unanitumia ile video ya kamera ya basi. Uko wapi?

MUNTASIR: Hapa Samail, kwa Baba. Video ipi?

GHANIYA: Muntasir, usinifanye mtoto.

MUNTASIR: Nimeiona.

GHANIYA: Na namba ya gari umeiona?

MUNTASIR: Ya Baba. Nimeirudia mara kumi, wallahi, nikiomba iwe ya mwengine. Yule mtoto vipi?

GHANIYA: Shurooq? Mguu umevunjika. Wa darasa la pili yule. Jana mchana tulikuwa tunamshusha, kibao cha kusimamisha magari kimeshatoka, taa zinawaka, anavuka. Gari ikatupita ubavuni. Akaruka nyuma, akaangukia mguu.

MUNTASIR: Babake anasemaje?

GHANIYA: Hataki kusikia habari ya sulhu. Anasema dereva nusura amuulie mwanawe, kisha akanyanyua mkono kumdhihaki. Watu wote wanausema huo mkono.

MUNTASIR: Haikuwa dhihaka. Malori ya njia ya Ibra yakikuwashia taa ndo yanakupisha, unapita, unanyanyua mkono kushukuru. Baba kaendesha njia ile miaka arubaini. Kaona taa, kadhani—

GHANIYA: Najua. Unadhani sijui?

MUNTASIR: Sasa sikiliza. Kamera haionyeshi uso. Namba, ubavu wa gari, na mkono tu, khalas.

GHANIYA: Ndo maana polisi wanakuja kwa mudira, mkuu wa skuli, saa sita. Wanataka msimamizi wa basi aandike kamwona nani. Msimamizi ni mimi.

MUNTASIR: Basi andika mimi.

GHANIYA: Wewe?

MUNTASIR: Jana nilikuwa mapumziko, nilikuwepo hapa hapa. Nani atajua?

GHANIYA: Wakiifunga leseni yako, watalii wa Al Mintirib utawapeleka jangwani kwa miguu? Na mkeo anakaribia kujifungua.

MUNTASIR: Hayo niachie mimi. Baba ana miaka themanini na moja, dada. Unataka akahojiwe na askari wa umri wa mjukuu wake? [mkwaruzo] ...jina la babako, kwa mkono wako mwenyewe?

GHANIYA: Unakatika.

MUNTASIR: Nasema, utaliandika jina la babako kwa mkono wako? Sema basi hukuona. Gari ilikuwa mbio.

GHANIYA: Haikuwa mbio. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na kioo chake kilikuwa chini. Hatua mbili tu, Muntasir.

MUNTASIR: Na yeye kakuona?

GHANIYA: Muulize mwenyewe.

MUNTASIR: Mbona unanijibu hivyo?

GHANIYA: Anafanya nini sasa hivi?

MUNTASIR: Anavaa viatu. Anakwenda shamba.

GHANIYA: Kwa gari?

MUNTASIR: Hajui kitu, dada. Mimi nitaanzia wapi?

GHANIYA: Ungeanzia kwa daktari wa macho. Alisema asiendeshe tena, na wewe ulikuwepo. Tukakubaliana utamwambia.

MUNTASIR: Nilishindwa. Mara tatu nimekaa naye, mara tatu nikaishia kuzungumza habari za tende. Ungeweza wewe?

GHANIYA: Nisingeweza. Nilifurahi ulipojitolea, na nikanyamaza. Na leo mtoto wa watu kalazwa.

MUNTASIR: Subiri, anakuja. Anauliza nazungumza na nani... Ni Ghaniya, Baba... Anaitaka simu.

GHANIYA: Usimpe, Muntasir, sijawa ta—

BABA: Ghaniya, mwanangu.

GHANIYA: Shikamoo Baba.

BABA: Marahaba. Hujambo? Jana nililipita basi lenu njiani.

GHANIYA: Ndiyo, Baba.

BABA: Dereva wenu muungwana sana. Kaniwashia taa zote, kanipisha. Nikanyanyua mkono kumshukuru. Wewe nilikutafuta sikukuona.

GHANIYA: Hukuniona, Baba?

BABA: Pale mlangoni palikuwa na mwanamke mwengine kasimama. Alinikodolea macho, maskini, sijui ana nini. Unamjua yule?

GHANIYA: Namjua, Baba.

BABA: Basi nisalimie. Unalia wewe?

GHANIYA: Mafua. Nipe Muntasir, Baba.

MUNTASIR: Haloo.

GHANIYA: Umesikia?

MUNTASIR: Nimesikia.

GHANIYA: Hatua mbili. Kanitazama usoni hivi.

MUNTASIR: Basi, dada. Basi.

GHANIYA: Nitaandika jina lake. Lakini kabla sijaandika nakuja hapo, nimwambie kwa mdomo wangu. Asilisikie kwa askari.

MUNTASIR: Njoo. Tutamwambia sote. Na kwa babake Shurooq nitakwenda na Baba mimi mwenyewe, akubali sulhu asikubali. [sauti inakatika] ...kanyoosha mkono, anataka ufunguo wa gari.

GHANIYA: Uko wapi ufunguo?

MUNTASIR: Ninao mimi.

GHANIYA: Usimpe. Harub anaitaka simu yake, nakuja sasa hivi.

MUNTASIR: Fanya haraka, dada. Bado kaunyoosha.