Mguu wa Nne wa Benchi

Benchi langu la kahawa lina miguu minne, lakini inayofanya kazi ni mitatu. Mwaka wa pili huu linayumba. Wateja wanauwekea mguu wa nne karatasi zilizokunjwa, karatasi zinalowa kahawa, benchi linayumba tena. Hapo hukaa watu watatu: Profesa, ambaye ni fundi redio; Meya, ambaye ni kinyozi; na mwanangu wa kumzaa, fundi cherehani. Siku hiyo mwanangu alikuwa anamsubiri mwalimu wa tuisheni aje kumchukua mjukuu wangu wa miaka minne, awe anasoma kila mchana. Binti mwenyewe yuko chini ya benchi, na vipande vya mbao alivyookota kwa seremala.

— Ubongo wa mtoto ni pipa, alisema Profesa. Usipolijaza mapema linashika kutu. Ndiyo maana wahenga wakasema haraka haraka haina baraka.

— Hapo wahenga wanakuunga mkono au wanakukimbia? nikamwuliza.

— Mama, wenzake wanahesabu hadi mia, mwanangu akadakia. Huyu kutwa mbao na mchanga!

— Mchanga mbaya, Meya akasema. Namjua mtu aliuchezea utotoni, leo nywele zake hazishiki kitana.

— Huyo ana upara, Meya, nikamwambia.

— Si ndiyo hiyo!

— Mimi wangu nilimsomea hesabu tangu yuko tumboni, Profesa akajigamba.

— Ndiyo maana alizaliwa analia, nikamjibu.

Profesa akainuka kwa hasira, akajibwaga tena. Wote tukadaka vikombe, maana hapo ndipo benchi humwaga. Halikumwaga. Akajaribu tena, kwa uzito wote. Benchi kimya.

Mjukuu wangu akatoka mvunguni, magoti vumbi tupu.

— Nani kakufundisha? baba yake akauliza, akikichungulia kipande cha mbao kilichokazwa chini ya mguu wa nne.

— Hakuna. Kile kinene kilikataa. Kingine kikaanguka. Hiki nikakigeuza, kikakubali.

— Umejaribu vingapi?

— Saba. Cha nane ndiyo hicho.

Watu wazima watatu, miaka miwili, karatasi za kujaza gunia! Niliwamiminia kahawa tu, hadi ukingoni.

Mwalimu akafika, wakamsimulia wote kwa pamoja, Profesa akipaza sauti kama vile kipande kakiweka yeye. Mwalimu akachuchumaa, akautazama mguu wa benchi, akamtazama mtoto aliyekwisharudi kwenye mbao zake.

— Sasa, akauliza, mlitaka nimfundishe nini?

Profesa akamtazama Meya. Meya akamtazama mwanangu. Mwanangu akakitazama kikombe chake, kimejaa pomoni, na hakijamwagika hata tone.