Chumba cha Jogoo

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa asubuhi hii, na kina mama wa kwaya mniwie radhi, nimekalia kiti chenu kwa sababu ya goti. Nimepewa dakika chache. Mnanijua, nitajaribu.

Mimi nilisoma kidogo tu, mpaka pale mtu anaweza kuandika jina lake na kugombana na karani wa kahawa. Nilipata kazi ya kupanga mbao hapo Nyeri mjini, nikawa nalala Gatitu kwa chumba cha kukodi, na mke wangu, Mama Wangari, alikuwa hapa Gakindu na kahawa na watoto. Mwisho wa mwezi nalipwa, nakuja nyumbani. Na nikifika nyumbani, mfuko ni mtupu. Sikunywa pombe, ndugu zangu. Hiyo ndiyo ilinisumbua. Mlevi anajua pesa yake iko wapi.

Yangu ilikuwa inaenda kwa jogoo.

Mnacheka kwa sababu mnajua. Ile miaka baada ya uhuru kila Jumapili ilikuwa harambee. Tunajenga zahanati, tunajenga shule, na ni vizuri, hiyo zahanati ndiyo ilinitibu hili goti, ingawa dawa yenyewe ilikuwa chungu, hiyo nitawaambia siku nyingine. Basi mtu analeta jogoo, anapigwa mnada. Ukimnunua, humpeleki nyumbani, ni aibu. Unasema, "Narudisha, auzwe tena!" Watu wanapiga makofi. Na mwenye kupiga mnada alikuwa jirani yangu Gachoka, yule pale anayejificha nyuma ya nguzo. Alikuwa ananiita Tajiri wa Mbao. Akiniita hivyo mbele ya watu, mkono wangu ulikuwa unaingia mfukoni peke yake. Kuna jogoo mmoja mwekundu nilimnunua mara tatu siku moja, na sikuonja hata supu.

Hiyo siku ya jogoo mwekundu tulikuwa tunatafuta mabati ya darasa la shule ya sekondari, ile alikuwa anasoma msichana wangu wa kwanza, Wangari. Nikarudi nyumbani nikiwa mtu mkubwa. Kesho yake, kabla sijapanda gari kurudi kazini, namwona Wangari anapanda kilima na sanduku lake kichwani. Amerudishwa kwa sababu ya karo.

Akaweka sanduku chini akaniambia, "Baba, mwalimu mkuu amesema asante sana kwa mabati."

Hakuwa ananidharau. Alitumwa hiyo salamu, akaileta. Mama yake aliniangalia, akaingia jikoni. Mimi nimewahi kuangukiwa na gogo la msonobari, lakini si kama hiyo salamu.

Nikaomba. Na niliomba vibaya, niwaambie ukweli: nilimwomba Mungu aniongezee mshahara. Mungu akaninyamazia. Halafu siku moja kazini nikaingia ofisini kuleta hesabu ya mbao, nikamkuta karani wetu, mama mmoja tuliyemwita Nyina wa Gathoni, amefunika meza yote na karatasi moja kubwa, imechorwa mistari ya kusimama na ya kulala mpaka inafanana na shamba la kahawa. Kila mbao iko na mahali pake: imeingia, imetoka, imebaki. Nikamwambia shida yangu.

Akasema, "Mzee, mbao tunajua kila moja inaenda kwa nani. Mshahara wako unaenda kwa nani?"

"Unaenda Gakindu."

"Gakindu ni mtu?"

Akanipa karatasi moja, akanikopesha rula.

Nikaja nayo nyumbani, tukaitandika mezani na Mama Wangari. Tukachora vyumba: unga, mafuta ya taa, nauli, sadaka, karo. Kila mwezi na mstari wake. Pesa ikiingia chumba chake, hailali kwa jirani. Nikaona tumemaliza. Mama Wangari akachukua kalamu, akachora chumba kingine kidogo pembeni.

"Hiki ni cha nani?" nikauliza.

"Cha jogoo."

Nikamwambia ile si matumizi, ile ni heshima. Akaniambia, "Basi heshima pia ilale mahali inajulikana." Akaweka shilingi kumi.

Tukakaza mkanda. Mwezi mmoja, wa pili, chumba cha karo kikajaa. Wangari alikuwa arudi shule Jumatatu. Na Jumapili, ndugu zangu, shetani hana haraka, ikawa harambee. Karo yote iko ndani ya koti langu, na Wangari amekaa na wasichana wenzake, anaangalia viatu vyake.

Gachoka akaanza. "Tajiri wa Mbao! Jogoo ndiye huyu, anakuulizia! Shilingi hamsini!"

Mkono ukaingia mfukoni. Nikaishika ile karo. Hapo nikaomba vizuri, mara ya kwanza. Nikasema tu, Bwana, shika huu mkono. Nikasimama nikasema, "Chumba cha jogoo kiko na kumi."

"Ati chumba?" Gachoka akawageukia watu. "Jogoo amejengewa nyumba, na sisi bado tunajengea watoto darasa!"

Kanisa lote lilicheka, hata mchungaji. Lakini Wangari aliinua kichwa. Nikatoa kumi yangu, nikakaa, na mkono ukatoka mfukoni mtupu, ukiwa huru. Jumatatu sanduku lilishuka kilima, na halikurudi mpaka shule ifungwe.

Gachoka alikuja kwangu wiki hiyo, akipitia nyuma ya zizi. Alikuwa amesikia habari ya ile karatasi ya vyumba, akaniuliza kama inauzwa. Nikamwambia, "Kaa chini nikuchoree, na cha jogoo tutaanza nacho."

Namshukuru Mungu ambaye hakuniongezea mshahara. Na wewe ambaye pesa yako inapotea na hunywi, mwamini Mungu, halafu uje kwangu baada ya ibada na karatasi. Rula niko nayo, sikuwahi kuirudisha. Sasa nakaa, maana jogoo wa leo namsikia huko nje. Mwambieni nimekuja na kumi yake.