Pistoni ya Silinda ya Tatu

Sogeeni, wanangu. Kornel, funga mlango wa uani, baridi ya Ufipa haina adabu kwa mgonjwa. Kalista, niinulie mto, maana leo nataka kusema nikiwa nimekaa. Padri alinipaka mafuta jana mkadhani kazi imekwisha, kumbe bado. Na wewe Yusto, kaa hapa mbele nikuone uso, usijifiche nyuma ya wenzio kama ulivyozoea tangu utoto.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii isiuzwe maadamu mama yenu Agnesi yu hai. Gereji ni ya Kornel na Kalista, nusu kwa nusu, ila injini ikishafunguliwa neno la mwisho liwe la Kalista, kwa sababu Kornel una mikono hodari lakini una pupa, na haraka haraka haina baraka. Usinune. Pupa hiyo umeirithi kwangu, na ndiyo iliyonifanya niwaite. Shamba la Mpui, la mahindi na la ulezi, lote nampa Yusto. Najua mnatazamana. Najua si mwanangu wa kuzaa. Nikimaliza mtaona kwamba nimempa kidogo.

Juzi, Kornel, uliingia humu ukicheka, ukaniambia pistoni za lile lori mlilolibadilishia kranki zimepatikana Mbeya, zote sita, na zinaingia kwenye silinda vizuri kabisa, ila zinachungulia juu ya bloku kidogo tu, kwa hiyo utazipeleka kwa fundi wa kukereza azipunguze vichwa. Na Yusto ndiye dereva, ataliteremsha Kabwe likachukue dagaa. Ulipotoka sikupata usingizi tena. Maneno yale niliyasema mimi mwenyewe, miaka ishirini na miwili iliyopita, katika gereji hiihii.

Sikilizeni kazi kwanza. Ukiitoa kranki ya kawaida, chuma kinachozipandisha na kuzishusha pistoni, ukaweka yenye mwendo mrefu ili lori lipate nguvu ya mlima, umebadilisha kila kitu kilicho juu yake. Mwendo ukiongezeka milimita kumi, pistoni inapanda tano zaidi na kushuka tano zaidi. Basi usitafute pistoni kwa upana wa silinda peke yake, hilo hata mwanafunzi wa wiki moja analijua. Tafuta ambayo tundu la pini limepanda kuelekea kichwani kwa hizo tano. Kisha izungushe kranki kwa mkono, uangalie chini kama pindo la pistoni haligongi kranki. Kisha zipime uzito zote, zilingane. Kama haipo Mbeya, agiza Dar es Salaam. Kama Dar haipo, rudisha kranki ya zamani na umwambie mwenye lori apande mlima polepole. Pistoni isiyofaa haifundishwi kufaa kwa tupa.

Mimi niliifundisha. Nilikuwa kijana, sifa zangu zilifika mpaka Mwimbi, nikaona aibu kumwambia mtu kwamba sina pistoni. Nikazikereza vichwa. Halafu nikapima kwa ule mtindo wetu, mnaujua, donge la ugali wa ulezi juu ya pistoni, unafunga hedi, unazungusha kwa mkono, unafungua na kulikata donge uone limebaki unene gani. Donge lilibaki nene. Niliwaonyesha watu wote nikajisifu. Nafasi ya juu niliipima, wanangu, lakini unene wa chuma kilichobaki kwenye pistoni yenyewe sikuupima. Ugali hauwezi kukwambia hilo.

Kalista, nipe maji. Basi, yanatosha.

Dereva wa lori hilo nililolitengeneza mimi alikuwa Urbano. Yusto, baba yako. Tulikuwa tumekula naye chungu kimoja tangu utoto. Asubuhi ile aliliwasha, akainamisha kichwa akasikiliza, akaniambia, "Alois, inagonga." Nikamwambia ringi bado mpya, zitatulia njiani. Akaniamini. Akapita Mpui kwa mama yako Mariana, naye akamfungia kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kwenye dumu, awapelekee wenzake wa Kabwe.

Alipakia dagaa, akaanza kupanda. Katikati ya mlima pistoni ya silinda ya tatu ikatoboka, injini ikazima, upepo wa breki ukaisha, lori likarudi kinyumenyume na mzigo wote mpaka bondeni. Walipomtoa, dumu lilikuwa limepasuka, nguo zake zinanuka pombe. Na pale penye pombe, nani anauliza habari ya pistoni?

Waliniita mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa fundi. Niliifungua injini peke yangu nikakuta tundu la kupitisha kidole gumba. Nikaitia pistoni ile kwenye koti. Nikatoka nje, mbele ya wazee wa ukoo wake, nikasema injini ilikuwa nzima. Ndiyo. Nilisema hivyo, kwa mdomo huuhuu.

Yusto, subiri, kaa. Nisikie mpaka mwisho, halafu ufanye utakalo.

Ulikuwa na miaka mitatu. Mama yako alikuwa ameelemewa na msiba, nikakuchukua nikakulea, watu wakanisifu kwa moyo mwema, nami nikazila sifa zile. Umekua bila kugusa pombe hata siku moja, na bado ukweni Mwimbi walikuuliza kama ulevi uko kwenye damu yenu, ukanyamaza, nami nilikuwa nimekaa kando yako, nikanyamaza pia. Lakini la mama yako ndilo linalonitesa zaidi. Mariana alikuwa mpika kimpumu hodari kuliko wote Mpui. Tangu mazishi yale hajapika tena. Alivunja vyungu vyake kwa mikono yake, kwa sababu anaamini yeye ndiye aliyemuua mumewe. Kila nikienda shambani hunisalimia kwa heshima, hunipa kiti, hunishukuru kwa kukulea. Wanangu, kile kiti kinaunguza.

Na Urbano hajaniacha. Injini yoyote ikiwashwa pale gereji namsikia akisema inagonga. Hata sasa, kifua hiki kikikoroma, namsikia. Nilimwambia padri yote. Alinijibu kwamba dhambi ambayo mtu mwingine anaibeba haiishii kwenye maungamo, nenda ukamtue. Miguu ya kwenda sina tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami nimeona afadhali nijiumbue mwenyewe kabla hakijafika.

Pistoni iko chini ya kitanda hiki, kwenye kopo la grisi, imefungwa kwa kitambaa. Yusto, ni yako. Mpelekee mama yako aitie kidole aone...

Mwacheni, Kornel, usimshike. Mwache atoke. Ana haki.

Amelichukua kopo? Vizuri.

Hiyo ni pikipiki yake. Inaelekea barabara ya Mpui, sivyo? Basi. Baraka yangu hakuisubiri, na mimi si wa kumpa. Atapewa na mama yake.

Ninyi wawili, sogezeni vichwa. Mikono... niwekee wewe, Kalista, mwenyewe siwezi. Mungu awape riziki ya halali na ulimi usioogopa. Kornel, pistoni zile zirudishe Mbeya kesho, na mwenye lori umwambie sababu, jina langu ulitaje. Msinizike karibu na Urbano mpaka Mariana aseme ndiyo. Akisema hapana, popote panatosha. Siku ya mazishi msisome sifa. Semeni haya niliyowaambia.

Nimechoka, wanangu. Nilaze... taratibu.

Mama Yusto akija akanikuta bado nahema, msimwambie nimelala.