Rangi ya Maziwa ya Asubuhi

Asanteni kwa kunipisha hapa mbele. Mwenyekiti amenionya niseme kwa kifupi, maana ananijua: nikiulizwa saa, naanza na historia ya saa. Kwa hiyo nitawaeleza habari ya nyumba tu. Na kama ilivyo desturi ya kikundi hiki chetu, sisi tuliozika wenzi wetu, majina sitataja. Nikikugusa, tabasamu, jirani yako atadhani ni mwingine.

Wengi wenu mnajua nilivyokuwa. Mke wangu alipofariki, binti yetu alichukuliwa na mama yake mdogo, yaani shemeji yangu anayekaa Rongo. Hakuninyang'anya. Wakati ule mimi nilikuwa siwezi kuchemsha yai bila kuunguza sufuria. Ilikuwa iwe likizo moja. Ikafuata nyingine, na nyingine. Mimi nikawa mtu wa kuhama kutoka chumba cha kupanga hadi chumba cha kupanga, maboksi yangu yamefungwa bado kwa kamba ya safari iliyopita. Shule zikifungwa, binti anatoka Asumbi anakosoma, anaenda Rongo. Nami nakwenda huko kumwona. Naketi kwenye kochi la shemeji, naulizwa kama nitakunywa chai.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna chai chungu kama ile unayokaribishwa ukimtembelea mtoto wako mwenyewe. Hata ikiwa na sukari.

Basi nikanunua nyumba hapa Homa Bay, orofa ya juu kabisa, vyumba viwili vya kulala. Niliinunua kwa sababu bei yake ilikuwa chini, na bei ilikuwa chini kwa sababu ambayo muuzaji hakuitaja. Alisema tu, "Mwalimu, hii nyumba ina hewa ya ziwa." Hakudanganya. Aliyeitumia kabla yangu alikuwa mfanyabiashara, na humo ndimo alimoweka magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Sori. Hewa ya ziwa ilikuwa sakafuni, kabatini, hadi kwenye dari.

Binti alipokuwa Rongo kwa mapumziko ya katikati ya muhula, nikapiga simu.

"Tuna nyumba," nikamwambia.

"Tuna?"

"Tuna."

Akasema, "Tukifunga shule nitakuja nione, Baba."

Shemeji akachukua simu. "Nitamleta mwenyewe. Akitaka kulala, atalala. Asipotaka, narudi naye. Usimlazimishe, shemeji, na usimnunulie vitu vya kumbembeleza."

Kwa hilo la mwisho hakuwa na haja ya kuhofu. Baada ya kulipia nyumba sikuwa na cha kumbembelezea hata paka.

Mimi nimesomea lugha, na elimu ikikosa kazi huanza kumla mwenyewe. Nilichambua yale maneno, nitakuja nione, mpaka yakakosa maana. Hakusema nitakuja nikae. Hakusema nitakuja nyumbani. Mtu anayekuja kuona ni kama mnunuzi wa mbuzi: anaweza kumkagua meno na kwenda zake.

Nikaanza kusugua. Nilisugua sakafu kwa magadi, nikasugua kabati kwa siki na ndimu. Mtu wa hapa kikundini, ambaye sasa anaangalia viatu vyake, aliniambia niweke mkaa kwenye mabeseni, eti hunyonya harufu. Nikaweka mkaa kila pembe. Kwa siku kadhaa nyumba ilinuka omena iliyotiwa ndimu, kitu ambacho, nikikumbuka vizuri, ndicho chakula cha jioni cha nusu ya mji huu. Nikichoka kusugua, nilikuwa natoka nje kwenye ngazi, navuta hewa, kisha narudi ndani ghafla ili niinuse kama atakavyoinusa yeye. Jirani wa chini alinikuta nikifanya hivyo mara kadhaa. Siku hizi ananisalimia kwa upole mwingi.

Wasiwasi una ujanja wake. Mimi nilijiambia kwamba harufu ikitoka, binti atakaa. Harufu ilipopungua kidogo, nikasema hapana, ni kuta. Kuta zilikuwa na alama za mafuta pale magunia yalipoegemea. Nani angekubali kulala humo? Nikatafuta fundi wa rangi, mtu aliyesifiwa sana, hasa na yeye mwenyewe.

Siku ya kununua rangi, mimi nilikuwa Migori kikazi. Fundi akanipigia kutoka dukani.

"Prof, niweke rangi gani?" Mimi si profesa. Nilimwambia, akasema haidhuru.

Sasa, mtu mwingine yeyote katika kaunti zote mbili angesema krimu. Krimu inajulikana, iko kwenye kopo, imeandikwa. Lakini mimi nina kiburi kidogo cha Kiswahili, nikasema, "Rangi ya maziwa."

"Ya maziwa?"

"Ndiyo. Ya maziwa."

"Ya asubuhi ama ya jioni?"

Nikaguswa. Huyu fundi, nikawaza, ni mtu makini. Kwetu tulipokuwa tukifuga, maziwa ya jioni yalikaa hadi kesho yake yakaota utando wa manjano. Ya asubuhi yalikuwa meupe, mepesi, safi. Nikasema kwa uhakika, "Ya asubuhi."

"Sawa. Hiyo nitaichanganya mwenyewe, prof. Utafurahi."

Niliporudi asubuhi moja na kufungua mlango, kuta za sebule zilikuwa na buluu iliyofifia, yenye kijivu na ukijani kwa mbali. Fundi alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni, anasubiri kupongezwa.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Maziwa ya asubuhi."

"Maziwa ni meupe."

"Asubuhi?" Akanishika bega, akanipeleka dirishani. "Si ndiyo haya? Angalia." Ziwa lilikuwa pale chini, rangi ile ile kabisa.

"Hilo ni ziwa. Mimi nilisema maziwa."

"Omera, ndugu yangu, hata mimi nilishangaa. Hapa liko moja tu. Lakini nikajua watu wa chuo mnapenda kuongea kwa wingi."

"Maziwa ya ng'ombe!"

Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Prof, nani anapaka nyumba rangi ya ng'ombe?"

Ndugu zangu, chekeni tu, mimi siku ile sikucheka. Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kama nilivyoketi ile wiki baada ya mazishi. Fedha ya rangi nyingine haikuwepo. Na hiyo yenyewe haikutosha: katika chumba cha binti, ukuta mmoja ulibaki plasta tupu, yenye mabaka. Fundi akasema nikinunua kopo lingine atarudi. Sikuwa na fedha ya kununua kopo, wala ya kumrudisha fundi.

Kuanzia hapo nilikuwa napanga namna ya kushindwa. Nilijikuta nikifanya mazoezi ya sentensi, peke yangu, nikipiga deki. Hakuna neno, binti yangu, utakuja likizo nyingine. Si mbali na Rongo. Nitakuwa nakuja kuwaona. Nilizisema kwa sauti tofauti tofauti, nikitafuta ile isiyotetemeka.

Hapo ndipo ninyi mlipoingia. Sikuwaita. Nilikosa mkutano mmoja tu, na mtu mmoja akapanda ngazi zote zile na goti lake bovu kuniuliza kama niko hai. Aliona kuta, akanusa, akasema, "Kitanda kiko wapi?" Nikasema bado. Kesho yake kukaja kitanda cha marehemu mumewe, kimepanguliwa, na skrubu zake kwenye soksi. Mwingine akashona mapazia kwa leso. Mwingine akageuza makreti ya soda kuwa rafu, akayapiga msasa mpaka ukaweza kuyapitishia mkono bila kuchomwa. Hakuna aliyeniambia usijali. Nilishukuru sana kwa hilo.

Shule zilipofungwa, shemeji na binti wakaja siku ya Ijumaa. Shemeji aliingia, hakuketi. Binti akasimama mlangoni na begi lake la shule begani.

"Baba, kuna harufu ya omena."

"Kidogo."

"Si kidogo."

Akatazama kuta. "Nani alichagua hii rangi?"

Nilikuwa nimeandaa jibu la heshima, kuhusu utulivu wa buluu. Likanikimbia. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, hadi ng'ombe. Shemeji aligeukia dirisha, mabega yanatikisika. Binti hakucheka. Aliuliza tu, "Kwa nini hukusema krimu?"

"Nilitaka kusema vizuri."

"Ulikuwa unamfanyia Mama hivyo hivyo," akasema. "Sokoni. Mpaka anakwambia nyamaza, acha mimi ninunue."

Tangu msiba, hakuwa amewahi kumtaja mama yake mbele yangu. Nilishika ukingo wa rafu. Yeye akaenda chumbani kwake, mlango ukarudi nyuma yake. Mimi na shemeji tukabaki tumesimama kama watu walio nje ya chumba cha daktari. Sikusikia kitu. Niliangalia sakafu niliyoisugua nikaona madoa yote niliyoyakosa.

Binti akatokeza kichwa.

"Ule ukuta mmoja haujapakwa."

"Rangi iliisha. Nikipata nitamwita fundi."

"Usimwite."

"Ni kazi ndogo tu, nitamwambia..."

"Baba. Usimwite. Huo nitaamua mwenyewe." Akarudi ndani. Tukasikia kitanda kikiburutwa.

Shemeji akachukua mkoba wake. "Nyumba inanuka, shemeji," akasema taratibu.

"Najua."

"Lakini amevua viatu." Akanionyesha kwa kidevu. Vilikuwa kando ya mlango wa chumba, soksi zimesukumwa ndani. "Kwangu havivui mpaka awe kitandani. Nguo zake nyingine nitaleta Jumapili."

Hayo ndiyo yaliyonipata. Nawashukuru, wa kitanda, wa mapazia, wa makreti, wa mkaa ingawa mkaa haukusaidia. Namshukuru shemeji aliyenitunzia mtoto bila kumfundisha kunichukia. Hata fundi namshukuru, na akinikuta ataniambia alijua nitafurahi.

Funzo nililo nalo ni dogo. Nilidhani ni lazima nyumba ikamilike ndipo mtoto aingie. Kama fedha ingetosha, ningeimaliza yote, angeikuta kama hoteli, akaikagua, akashukuru kwa adabu, akarudi Rongo. Wewe uliye hapa na unamngoja mtu wako arudi, safisha unavyoweza, lakini mwachie ukuta.

Sasa, mwenyekiti, naomba ruhusa nisibaki kwa chai. Si dharau. Kuna mtu nyumbani aliyeniambia nisichelewe, na nilikuwa nimesahau kabisa jinsi mtu anavyoharakisha akiambiwa hivyo.