Jani la Kaburi la Nyangi

Benchi letu la mtaa wa Nyasho liko mbele ya kibanda cha kahawa cha Naomi. Asubuhi ile Machage, fundi viatu, alikuja na mfuko wa rambo, akatoa mmea na mizizi yake. Hakusalimia. Mama yake alikuwa amefariki juzi, Butiama. Kabla hajakata kauli alisema: nizikeni pembeni ya Nyangi. Nyangi ni dada yake Machage, alikufa mchanga zamani, akazikwa msituni kando ya kijito, bila msalaba. Mama alimpandia jani liwe alama ya kaburi.

— Hili ndilo? Machage aliuliza. Mama alikuwaga anasema lina madoa chini.

Profesa, mlinzi mstaafu wa shule, alivaa miwani.

— Huu mnazi mchanga.

— Mnazi Butiama? alicheka Injinia, fundi baiskeli. Hayo madoa ni mayai ya wadudu. Yakianguliwa, tumekwisha.

— Basi ni ugonjwa, alisema Profesa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kesho jani lote doa.

— Mimi nasema limeletwa na wazungu wa utafiti, lina mitambo ndani.

— Jamani, Naomi alisema, mwenzenu amefiwa.

Dada mmoja mgeni, mwalimu Bhoke, alikuwa anasubiri kahawa yake. Akaomba jani, akaligeuza.

— Hii kangaga. Kangaga haitoi ua wala tunda, inazaa kwa haya madoa. Ziko nyingi, lakini hii angalia: bua jeusi linang'aa, madoa yako ukingoni tu, na ukingo umejikunja kuyafunika. Jani changa limejiviringa kama konokono.

Machage alikaa chini.

— Kama konokono. Mama alisema hivyo hivyo.

— Basi ndilo, alisema Bhoke.

— Asante Mungu, alisema Profesa. Si umeliona kaburi?

— Msitu wote wameukata kuchoma mkaa. Nilitembea jana kutwa, nikapata shina hili moja tu.

— Na wewe ukaling'oa? Injinia aliuliza taratibu.

— Niliogopa jani tupu mtashindwa kulijua. Nilidhani yatakuwepo mengine.

— Uliacha alama?

Machage alitazama mikono yake. Kucha zilikuwa bado na udongo.

— Visiki vyote vinafanana, alisema.

Simu yake ikaita. Akaiweka sauti kubwa. Aliyepiga alikuwa kaka yake, Burito, yuko huko kijitoni na vijana wenye majembe.

— Machage, tumefika. Tuchimbe wapi?

Tulikuwa sita pale. Bhoke aliurudisha mmea kwenye mfuko.

— Halo? Machage? Wapi?