Bi. Nthoki Matheka na Droo ya Jericho

Bi. Nthoki Matheka anastaafu tarehe 30 Septemba 1986, baada ya kuitumikia Idara yetu ya Usanifu Majengo na Sanaa kwa miaka kumi na saba. Kazi yake imekuwa kutunza slaidi, zile picha ndogo za filamu zinazoangazwa ukutani wakati wa mihadhara. Mhadhiri aliyewahi kurudisha slaidi yenye alama za vidole anajua jinsi mama huyu anavyoweza kunyamaza hadi mtu aombe radhi mwenyewe.

Alianza kama karani wa kupiga chapa. Alipokabidhiwa makabati alikuta makanisa ya Ulaya, mahekalu ya Ugiriki na majumba ya kifalme. Hakulalamika; aliyapanga yote vizuri.

Mvua za masika za mwaka 1977 ndizo zilizobadili mambo. Paa lilivuja, maji yakaingia kabatini, na kuvu haichelewi kula filamu. Hatukuwa na mahali pa kuanikia, kwa hiyo Bi. Nthoki aliomba ruhusa akazibeba slaidi zilizolowa hadi kwake katika mtaa wa Jericho, huko Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Alizitoa kwenye fremu, akazisuuza kwa maji safi, akazining'iniza kivulini kwenye kamba za nguo. Majirani walikuja kuchungulia Roma na Paris katikati ya nepi za watoto. Hapo ndipo jirani yake, Selpher Nabiswa, alipomuuliza, akimwita kwa jina la mwanawe: "Mama Ndanu, hizi zote ni nyumba za wazungu. Kwani sisi tunalala nje?"

Slaidi ziliokoka. Ni kweli kwamba baadhi zilirudishwa kwenye fremu zikiwa zimegeuka, na Dkt. Wekulo alifundisha nusu saa akielekeza mnara upande usio wake. Tangu hapo fremu ya kila slaidi ina nukta nyekundu ya kuonyesha pa kuweka kidole gumba, ili isiingizwe ikiwa imegeuka. Lakini swali la Selpher lilimkaa Bi. Nthoki rohoni. Aliazima kamera ya idara, akawa anapiga picha za mitaa ya Eastlands Jumamosi alasiri.

Wenye nyumba hawakukubali kupigwa picha ovyo. Kwanza wafagie, wabadilishe vitambaa vya viti, wavae nguo za kanisani. Wahadhiri walinung'unika kwamba hayo si maisha ya kila siku. Bi. Nthoki aliwajibu kuwa hata wafalme wa Ulaya walifagiliwa kwanza.

Kilichomuuma ni kibandiko. Droo ya picha hizo iliandikwa "Mengineyo", na kila alipoomba ipewe jina, kamati ya idara ilisema mpangilio wa slaidi uliotoka ng'ambo hauna nafasi hiyo. Hakuchoka kuomba, na wanafunzi nao hawakuchoka kuifungua, mpaka reli zake zikalegea. Mwezi uliopita kamati ilikubali. Sisi wenzake tulifurahi kama watu walioshinda kesi.

Tulitaka kumshangaza kwa kibandiko kipya: "Nairobi: Nyumba za Eastlands". Alipoona kimekaa upande alikibandua, akapiga chapa kingine, akakibandika mwenyewe. Kisha akasimama mbele ya droo akilia, wala hakujificha.

Asante, Mama Ndanu, kwa macho yako na kwa subira yako. Wewe na mumeo, Mzee Matheka, mfike salama kwenu Kibwezi, mpumzike, na maisha yawe mema kwenu. Siku tutakayokuja na kamera kuipiga picha nyumba yenu mpya, tutangoja nje mpaka mmalize kufagia.