Mwalimu Tope na Picha za Harusi za Watu

Kila asubuhi, kabla ya chai, marehemu Mwalimu Tope alifungua dirisha la jikoni linalotazama mlango wa mto, akasema kwa sauti alichokiona. "Korongo wawili. Kaa wametoka. Maji yanakupwa." Alisema hata kama jikoni hakuna mtu. Mkewe akiwapo alijibu lile lile la miaka yote: "Na chai inapoa, Mwalimu." Mpwa wake, mtoto wa dada yake aliyelelewa katika nyumba hiyo, alikua akidhani kila nyumba duniani huanza siku namna hiyo.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi wa mashine za boti na mshonaji, katika nyumba ya mabati nyuma ya maghala ya chumvi. Utotoni alirudi nyumbani amejipaka tope hadi kiunoni, na mama yake alimvua nguo nje mlangoni, majirani wakitazama. Jina la Tope lilianzia hapo. La Mwalimu lilikuja baadaye.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, ng'ambo ya mto, akivuka kwa pantoni. Alichelewa mara nyingi, na kosa halikuwa la pantoni. Aliendelea na sekondari ya bweni, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu somo la biolojia mwaka 1975. Januari iliyofuata alipangiwa sekondari ya mtaani kwake, na hakuhama tena mpaka alipostaafu mwaka 2011. Wanafunzi wake wako hapa leo, wengine wana mvi, na wanakumbuka alivyowashusha ufukweni na viatu mkononi: "Anayeogopa tope akasomee uhasibu!" Binti yake, ambaye ni mhasibu, ameomba jambo hilo lisiachwe.

Tarehe 11 Agosti 1979 alifunga ndoa na muuguzi wa zahanati. Walikutana alipopelekwa kushonwa mguu uliokatwa na chaza.

"Ulikuwa unatafuta nini huko?" muuguzi alimuuliza.

"Nilikuwa natazama kaa."

"Basi leo kaa ndio waliokutazama wewe. Tulia nikushone."

Marehemu alipenda kusema kwamba alitulia tangu siku hiyo.

Jambo lililogeuza maisha yake lilianza kwa nia njema. Mwaka 1988, mikoko ikiwa imekatwa sana kandokando ya mto, aliongoza shule nzima kupanda miche. Ule uwanda wa tope mdomoni mwa mto ulionekana mtupu, wakaupanda wote. Miche ilishika, watu wakapiga makofi, gazeti likaandika. Miaka michache baadaye ukafika msimu wa sululu, wale ndege wa mdomo mrefu uliopinda wanaotoka mbali kuja kuchokoa chakula topeni. Waliuzunguka uwanda, wakakosa pa kutua, wakaenda zao. Asubuhi ile marehemu alifungua dirisha asiseme neno. Mkewe ndiye aliyesema chai inapoa, na kweli ikapoa.

Alitaka kujua pale palikuwaje kabla hajapagusa. Ofisi ya uvuvi haikuwa na mchoro. Wazee wakabishana, huyu akisema mikoko ilikuwapo, yule akiapa haijawahi. Hakuna aliyeandika, maana nani ataandika habari za tope? Ndipo alipokumbuka kwamba maharusi wote wa mji huu hupigwa picha ufukweni, mto ukiwa nyuma yao. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiomba albamu, kioo cha kukuzia mkononi.

"Mwalimu, bibi harusi yuko hapa mbele," mwenye nyumba mmoja alimwambia.

"Hapo mbele nimeshapaona, dada. Hebu sogeza kidole."

Nyuma ya mabega ya maharusi, harusi baada ya harusi, tope lilikuwa wazi, na juu yake vidoadoa vya ndege.

Basi akaingia kung'oa alichopanda. Mtaani walimcheka hawana mbavu. "Jana anapanda, leo anang'oa! Kesho atatuambia tuuhamishe mto!" Mkewe alivaa buti za mpira akaingia naye, na miche iliyoweza kuhama wakaipeleka kingoni, kwenye visiki vya ile iliyokatwa. Hakujua kama ndege watarudi. Alimkiria hivyo kila aliyemuuliza, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Msimu wa kwanza hawakuja, wala wa pili. Oktoba 1995 alifungua dirisha, akasema, "Sululu," akakaa chini sakafuni.

Tangu hapo hakuacha kipande cha mto bila kukiandika, kukichora na kukipiga picha: mikoko kwa aina zake, nyasi za bahari, chaza, mashimo ya kaa, vifaranga vya samaki. Daraja jipya lilipokuja kujengwa, wahandisi walishinda sebuleni kwake, michoro imetandazwa hadi chini ya meza, na nguzo zikasogezwa mbali na nyasi ambamo samaki hukulia. Mpwa wake alikulia kati ya makaratasi hayo, msichana wa kukaa pembeni na kitabu. Kazi yake ilikuwa kushika ncha ya utepe wa kupimia, na alishukuru kwamba kazi hiyo haikuhitaji maneno.

Marehemu alianza kuugua figo Mei 2022. Miguu ilipovimba asiweze kushuka, kitanda chake kilihamishiwa jikoni, karibu na dirisha, na mpwa akawa anashuka badala yake na kurudi kumsimulia. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2023, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme, binti mhasibu, wajukuu watano, dada mmoja na mpwa aliyemlea. Mungu ampe pumziko jema.

Majuma machache kabla hajatutoka, marehemu akipanga picha za msimu ule kitandani, mpwa wake alimuuliza swali ambalo alikuwa amelibeba tangu utotoni.

"Mjomba, haya yote unamwandikia nani?"

"Atakayekosea kama mimi," alisema. "Naye atataka kujua palikuwaje."